Kwa Nini Pointi Hazipandi? Kijana, Simu na Sataranji

Leo tutazungumzia mchezo ambao wengi wetu hapa Mwanza tunauona kwa mbali tu, nao ni sataranji. Najua wapo watakaosema Nyamagana ina mambo makubwa zaidi ya kuzungumza. Yote hayo tumeyazungumza na tutayazungumza tena. Lakini juma lililopita kijana mmoja aliniuliza swali nikashindwa kumjibu pale pale, na swali ambalo mtangazaji ameshindwa kulijibu barabarani hana budi kwenda nalo studio.

Ilikuwa jioni, karibu na Mlango Mmoja, chini ya mwembe ambapo wazee na vijana hucheza drafti kwa vizibo vya soda. Nilikuwa nimesimama nawatazama, maana kutazama drafti hakuna kiingilio. Pembeni alikaa kijana aliyemaliza kidato cha sita, kichwa kimeinama juu ya simu. Alipoisikia sauti yangu alinyanyua uso akasema, "Shikamoo mzee." Nikaitikia marahaba, ingawa uzee wenyewe bado nauona uko mbali kidogo. Ndipo akaniambia kwamba huu ni mwaka wa pili anacheza sataranji kwenye simu. Amecheza michezo zaidi ya elfu tatu. Siku za mwanzo pointi zake zilipanda haraka, kisha zikafika mahali zikagoma, na sasa ni mwaka mzima ziko pale pale. Alitamani kwenda kushindana ana kwa ana na watu wenye majina, lakini anaionea aibu namba yake. "Mzee," akaniuliza, "au mimi nina kichwa kizito?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Na kabla ya kulijibu inabidi kwanza tuielewe hiyo namba, kwa sababu kijana huyu ameifanya namba hiyo kuwa hakimu wa kichwa chake.

Mfumo wa kupima wacheza sataranji kwa pointi uliandaliwa na Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa profesa wa fizikia huko Milwaukee, Marekani. Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, lililoanzishwa Paris mwaka 1924, liliukubali mfumo wake mwaka 1970. Wazo lake ni jepesi kuliko linavyoonekana. Pointi hazisemi mtu ana akili kiasi gani. Zinachosema ni hiki: wewe na fulani mkikutana mara nyingi, kila mmoja atarajie nini. Mkiwa na pointi sawa, kila mmoja atarajie nusu. Mwenzako akikuzidi pointi 200, katika kila michezo 100 yeye atarajie kupata alama kama 76 na wewe 24. Akikuzidi 400, wewe utaambulia kama 9 tu. Ukifanya vizuri kuliko ilivyotarajiwa unaongezewa, ukifanya vibaya unapunguziwa. Basi.

Sasa angalia kinachotokea kwenye simu. Mitandao ya kuchezea sataranji, kama Chess.com iliyofunguliwa mwaka 2007, au Lichess iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis na ambayo haina malipo yoyote, hukutafutia mpinzani anayelingana nawe. Ukipanda kidogo, unapewa aliyepanda kidogo. Ukishuka, unapewa aliyeshuka. Kwa hiyo mtu yeyote, awe bingwa au mwanagenzi, akikaa humo muda mrefu atajikuta anashinda karibu nusu na kupoteza karibu nusu. Kijana wetu alidhani kule kushinda leo na kupoteza kesho ni dalili ya kichwa kizito. La hasha! Ndivyo mtambo ulivyotengenezwa. Namba iliyosimama inaeleza jambo moja tu, kwamba mchezo wake wa leo ni ule ule wa mwaka jana.

Kuna na jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Pointi za mtandao huu si pointi za mtandao ule, na zote mbili si pointi za FIDE. Lichess, kwa mfano, humwanzishia kila mgeni kwa 1,500, hata kama hajui farasi anaruka vipi, halafu hesabu zake humshusha au kumpandisha. Tena kuna namba mbalimbali kwa mtu mmoja: moja ya michezo ya dakika 1, nyingine ya dakika 3 au 5, nyingine ya dakika 10 na kuendelea. Kwa hiyo anayekuja kijiweni akatamba kwamba "mimi nina elfu moja na mia saba" inafaa aulizwe kwanza: za wapi, na za dakika ngapi?

Naam. Tukishajua namba ni nini, tuje kwenye mchezaji mwenyewe. Na hapa naomba tuvuke ziwa.

Ng'ambo ya ziwa letu hili, katika jiji la Kampala, kuna mtaa wa Katwe. Hapo ndipo alipolelewa Phiona Mutesi, msichana ambaye jina lake limesikika duniani pengine kuliko la mcheza sataranji mwingine yeyote wa Afrika Mashariki. Alikuwa na umri wa miaka kama 9 alipomfuata kaka yake hadi mahali ambapo Robert Katende, kijana mpenda kandanda, alikuwa akiwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Inasimuliwa kwamba aliyemwonyesha namna kete zinavyotembea ni mtoto wa kike wa miaka minne. Mwaka 2010, akiwa bado msichana mdogo, aliichezea Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji huko Khanty-Mansiysk, Siberia. Alirudi tena katika Olimpiadi ya Istanbul mwaka 2012, na huko yeye pamoja na mwenzake Ivy Amoko wakawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo cha FIDE. Mwandishi wa Marekani, Tim Crothers, aliandika kitabu juu yake mwaka 2012, na mwaka 2016 kampuni ya Disney ikatoa filamu iliyoongozwa na Mira Nair, ambamo Lupita Nyong'o aliigiza kama mama yake. Filamu hiyo inaitwa Queen of Katwe, na ukiiona bila machozi wewe una moyo wa chuma.

Baada ya filamu yakaja maneno. Upande mmoja walikuwapo waliomfanya Mutesi kuwa bingwa wa dunia, kitu ambacho hakuwahi kuwa na wala hakuwahi kudai. Upande wa pili wakajitokeza wajuzi waliofungua orodha ya FIDE, wakaiona namba yake, wakaguna. Cheo alichopata, kinachoitwa Woman Candidate Master, ni cha chini kabisa katika ngazi ya vyeo vya wanawake. Kwa njia ya pointi kinahitaji 2,000, na Mutesi hakuwahi kufika huko. Alikuwa mamia kadhaa chini yake. Alikipata kwa matokeo ya Olimpiadi, jambo ambalo kanuni zinaruhusu kabisa. Kwa kulinganisha, Judit Polgár wa Hungaria alifika pointi 2,735 mwaka 2005, na hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kufika hapo.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikosea, tena kwa kosa lile lile: hakuna aliyejisumbua kutazama msichana huyu alichezaje. Wale walitazama machozi, hawa wakatazama namba. Mchezo wenyewe ukabaki mezani bila mtu.

Hebu tuutazame. Wote walioandika juu ya Mutesi wa miaka ile wanakubaliana kwamba alikuwa mshambuliaji. Hakungoja. Alimzunguka mpinzani, akamwendea mfalme moja kwa moja, na huko Kampala wapinzani wengi waliporomoka mbele ya mashambulizi hayo. Mtindo wa namna hii kwa mtoto aliyejifunza bila vitabu ni wa kawaida kabisa, na si aibu. Mtoto hujifunza kupiga kabla ya kujifunza kukinga. Katende mwenyewe alikuwa na kazi ya kumfundisha subira.

Kisha akafika Siberia. Katika mchezo wake wa kwanza alikutana na Dina Kagramanov, bingwa wa wanawake wa Kanada. Crothers anasimulia kwamba Mutesi alifanya kosa mapema likamgharimu askari. Hilo si la ajabu. Linalonishika mimi ni lililofuata: baadaye Kagramanov naye alikosea, nafasi ikawa imefunguka, na Mutesi hakuiona hadi ilipokwisha kupita. Katika mchezo mwingine alikutana na Khaled Mona wa Misri, mwanamke mwenye cheo cha juu. Mona alicheza harakaharaka, na Mutesi naye akachukuliwa na ile kasi, akajibu harakaharaka, akaingia mtegoni. Lakini alimshinda Aster Melake Bantiwalu wa Ethiopia, na Kagramanov, yule yule aliyemfunga, alimpa zawadi ya vitabu vya sataranji.

Mpenzi msikilizaji, katika habari hizi chache kuna maelezo ya mchezaji kuliko katika namba yoyote. Tunajua mtindo wake: kushambulia. Tunajua alipotoka na alipofika. Na tunajua mapungufu yake mawili kwa uhakika. La kwanza, alipokuwa ameumia alitazama kidonda chake badala ya kumtazama mpinzani. La pili, aliruhusu mpinzani amchagulie mwendo. Mwalimu akipewa taarifa hizo anajua afundishe nini Jumatatu asubuhi. Akipewa namba peke yake atafundisha nini?

Basi nikarudi kwa kijana wangu wa Mlango Mmoja siku ya pili yake, nikamwambia anifungulie michezo kumi aliyopoteza. Alicheka kidogo. Michezo aliyoshinda aliikumbuka vizuri, baadhi alikuwa ameihifadhi kwa kuwaonyesha wenzake. Aliyopoteza hajawahi kuifungua hata mmoja. Michezo elfu tatu, nusu yake amepoteza, maana yake ana masomo kama elfu moja na mia tano yamelala ndani ya simu hayajasomwa.

Mimi si bingwa. Najua kucheza kiasi cha kutofungwa na mtoto wa darasa la tatu, tena asiwe wa Katwe. Lakini kazi ya kutafuta kosa haihitaji bingwa siku hizi. Mwaka 1997, nadhani wengi mnakumbuka, kompyuta ya IBM iliyoitwa Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa alama 3.5 kwa 2.5, na magazeti yakaandika kana kwamba dunia imekwisha. Deep Blue ilikuwa mashine kubwa ya kuwekwa kwenye makabati. Leo programu inayoitwa Stockfish, ambayo ni ya bure na ilianza kutolewa mwaka 2008, inafanya kazi ndani ya simu ya kawaida na ina nguvu kuliko Deep Blue na kuliko binadamu yeyote. Ukimaliza mchezo unabonyeza mahali, nayo inakuonyesha kila hatua: hapa ulikuwa sawa, hapa umeharibu.

Lakini ngoja. Ina ugonjwa wake. Inakuambia ulikosea, haikuambii kwa nini ulikosea. Inaweza kukuonyesha hatua ambayo hata Kasparov angeifikiria nusu saa, ukabaki umeduwaa. Kwa hiyo nilimwambia kijana tuizime kwanza, tutazame kwa macho yetu, tukadirie mahali mchezo ulipogeuka, halafu ndipo tuiwashe kuangalia kama tumepatia. Mara nne kati ya kumi tulikosea hata kukadiria, na kicheko kikatutoka wote wawili.

Tulichokikuta ni hiki. Kijana hucheza michezo ya dakika tatu, kwa kuwa anasema mirefu inachosha na betri inaisha. Simu huonyesha kila hatua ilichukua sekunde ngapi. Katika michezo kumi, ile hatua mbaya iliyomwangusha aliicheza kwa sekunde moja au mbili karibu kila mara, huku bado ana zaidi ya dakika nzima mkononi! Hakufukuzwa na saa, alijifukuza mwenyewe. Mpinzani akicheza upesi, naye anajibu upesi, kama watu wanaorushiana maneno. Ni Mutesi na Mona wa Misri tena, ila hapa hakuna Olimpiadi, kuna mwembe na kelele za daladala.

Halafu ule mtindo wake. Hutoa malkia mapema, hatua ya tatu au ya nne, akitafuta kumfunga mtu haraka. Dhidi ya wageni mbinu hiyo ilimpandisha, na hizo ndizo pointi zilizopanda siku za mwanzo. Sasa anakutana na watu waliokwisha kuumwa na nyoka huyo, wanamfukuza malkia wake huku na huku, na kila wakimfukuza wao wanatoa farasi na maaskofu wao bure. Alipofika hatua ya kumi mwenzake ana jeshi uwanjani, yeye ana malkia aliyechoka. Nilimwuliza kwa nini hakuacha mbinu hiyo. Akajibu kwamba bado inamshindia mara mojamoja. Hapo nikamwelewa kabisa. Mbinu isiyofanya kazi kamwe mtu huiacha siku ya pili, lakini ile inayofanya kazi mara moja kwa tano inaweza kumfunga mtu kamba maisha yake yote. Na hii, wasikilizaji, si katika sataranji tu, lakini tusitoke nje ya mada.

Ipo na michezo miwili ambayo alikuwa anaongoza. Katika mmoja mpinzani aliacha ngome yake wazi, bila ulinzi, kwa hatua mbili mfululizo. Kijana hakuiona. Alikuwa na mpango wake upande wa kulia na macho yote yalikuwa kulia. Nilipomwonyesha alishika kichwa. "Mzee, ilikuwa bure!" Naam, ilikuwa bure, kama ile nafasi iliyompita Mutesi Siberia. Wacheza drafti wanaweza kutufundisha hapa. Katika drafti kula ni lazima, kwa hiyo mchezaji analazimika kuangalia ubao mzima kila zamu: nani anaweza kula, nani anaweza kuliwa. Sataranji haina lazima hiyo. Sheria haikuamrishi kuangalia, inakuachia uhuru wa kuwa kipofu. Nilimwambia aazime lazima ya drafti: kila mpinzani akicheza, kabla ya kufikiria mpango wake mwenyewe, ajiulize kile kilichosogezwa kimeacha nini nyuma yake.

Wapo watakaouliza, kijana wa Nyamagana atajifunza wapi mambo haya, hatuna Katende hapa. Ni kweli mwalimu ni nusu ya safari. Mutesi alikuwa na Katende kabla ya kuwa na cheo chochote. Polgár alizaliwa katika nyumba ambayo baba aliamua tangu mwanzo kuwalea binti zake watatu kwa sataranji, vitabu vikajaa hadi darini. Mzambia Amon Simutowe, aliyepata cheo cha juu kabisa cha Grandmasta mwaka 2009, hakukipata kwa kukaa Lusaka akibonyeza simu. Alisafiri, akashindana na wenye nguvu nje ya Afrika. Hatuwezi kudanganyana hapa. Simu haikuletei mpinzani aliyekaa mbele yako kwa saa nne akikutazama, wala haikufundishi kuandika hatua kwa kalamu huku mkono unatetemeka.

Lakini simu inatoa kitu ambacho Mutesi hakuwa nacho mwaka 2005. Inatunza kila mchezo, bila kusahau na bila upendeleo. Mtoto wa Katwe akipoteza mchezo wa uani, kete zilirudishwa mfukoni na kosa likapotea na jua. Kijana wa Mlango Mmoja ana kumbukumbu ya makosa yake yote tangu siku ya kwanza, na mchezo mmoja hauli bando la maana. Ni mali kubwa, naye alikuwa ameikalia kama mtu aliyekaa juu ya gunia la mchele akilia njaa.

Nikampa basi majibu yangu. Kichwa chake si kizito. Mtindo wake ni wa mshambuliaji, na asiuache, maana watu wenye hamu ya kushambulia ni rahisi kuwafundisha subira kuliko kuwafundisha waoga ujasiri. Aache michezo ya dakika tatu kwa muda, acheze ya dakika kumi au kumi na tano, hata kama ni miwili tu kwa siku. Kila aliopoteza aufungue usiku ule ule. Malkia akae nyumbani hadi farasi na maaskofu watoke. Aliyasikiliza yote. Halafu akauliza, "Na namba?" Nikamwambia namba itashuka kwanza, kwa kuwa anabadili namna ya kucheza, na kwamba namba ya michezo mirefu ni nyingine kabisa na ile aliyokuwa akiionea aibu. Sijui kama alilipenda jibu hilo. Uso wake haukusema hivyo.

Lilibaki jambo moja, nalo ndilo lililotuweka pale hadi giza. Katika michezo kumi, mmoja alikuwa amefika mwisho akiwa na mfalme na askari mmoja, na mpinzani mfalme mtupu. Ikaisha sare, naye akalaumu bahati. Mwisho wa namna hii hauna bahati ndani yake hata punje. Tuliomba ubao wa drafti kwa wazee. Miraba ni 64, ile ile ya sataranji. Tukaweka kizibo cha Pepsi kiwe mfalme mmoja, cha Fanta kiwe mfalme wa pili, na punje ya mhindi ikawa askari.

Kanuni ni hii. Wafalme wawili wakitazamana uso kwa uso, katikati yao ukabaki mraba mmoja, ambaye zamu ni yake ndiye anayelazimika kupisha njia. Kwa hiyo mwenye askari asimtangulize askari, amtangulize mfalme. Mfalme wake akiwa mbele ya askari wake, na amebakiza mistari miwili tu kufika ukingo wa mbali, ushindi ni wake, zamu iwe ya nani. Isipokuwa askari wa ukingoni kabisa: huyo, mfalme mtupu akiwahi kona, ni sare, hata ufanye nini. Na askari akikimbia mbele akamwacha mfalme wake nyuma, mara nyingi mwisho wake ni sare, kwa sababu mfalme mtupu anabanwa asipate pa kwenda huku hakuna aliyemshambulia. Hivyo ndivyo kijana alivyofanya kwenye simu. Alimsukuma askari kwa furaha, hatua tatu mfululizo, kila moja kwa sekunde moja.

Tukacheza mara ya kwanza, mimi nikiwa na mfalme mtupu, akasukuma askari tena. Sare. Mara ya pili akatanguliza mfalme lakini akakosea zamu. Sare. Wakati huo wazee walikuwa wameacha drafti yao wamesogea kutuzunguka. Mmoja wao, mzee wa makamo mwenye kofia ya sufi, ambaye alisema hajawahi kugusa sataranji tangu azaliwe, akauliza kwa nini hiyo punje ya mhindi hairudi nyuma. Nikamweleza. Akauliza kama wafalme wanaweza kugusana. Nikasema hapana. Akanyamaza, akatazama ubao kwa muda mrefu kuliko muda wote ambao kijana alitumia katika mchezo mzima wa simu.

Kisha akamwambia kijana, "Sogea, mwanangu," akakaa. Akausogeza mfalme wa Pepsi mraba mmoja pembeni, si mbele. Nikatazama wafalme wetu. Walikuwa uso kwa uso, na zamu ilikuwa yangu.